Sura ya Saba: Rangi Nyekundu, Bado

Sajini Mwajuma Hoza alifungua kufuli la polisi, akausukuma mlango kwa bega. Ubao ulikuwa umevimba kwa unyevu. Julai ya Magamba haina mchezo. Ukungu ulikuwa umekalia mipeasi ya uani kama umehamia, na ilikuwa saa tatu asubuhi.

Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu alfajiri Tatu Singano angepandishwa gari kwenda Tanga, kusomewa shitaka la kumuua Mzee Sefania Shemweta kwa uyoga wa sumu. Akishafika Tanga, kumrudisha ingekuwa kazi ya miaka. Inspekta Kaniki, mkuu wa upelelezi wa wilaya, alikwisha kufunga jalada moyoni mwake. "Uyoga upo, ugomvi upo, maiti ilikuwepo na jana tumeizika," alimwambia. "Unataka nini tena, Mwajuma, picha ya harusi?"

Mwajuma hakutaka picha. Alitaka kukiona chumba cha marehemu mara moja tu zaidi.

"Afande, usiingie kwenye baridi hiyo na tumbo tupu."

Aligeuka. Mzee Elisante, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha bati kinachofuka moshi. Umri wake ulikuwa miaka sabini na miwili, alikuwa mwalimu wa kanisa mpaka alipostaafu, na nyumba yake ilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Kwapani alibeba kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mke wangu, Mama Witness, amekuchemshia chai. Ameniambia nisirudi na kikombe kikiwa na kitu."

Alikiweka kigoda, akakifuta kwa mkono wa koti lake kabla ya kumkaribisha. Mwajuma alikunywa amesimama kwanza, kisha akaona ni utovu wa adabu, akakaa.

Chumba kilikuwa kidogo. Kitanda, rafu ya vifaa, meza chini ya dirisha. Nyufa zote za dirisha zilizibwa kwa matambara, na nyuma ya mlango lilikunjwa gunia.

"Vumbi," Elisante alisema kabla hajaulizwa. "Alisema chembe moja ya vumbi ikitua kwenye rangi mbichi, kazi ya wiki imekwenda."

Kazi yenyewe ilikuwa juu ya meza: helikopta nyeupe ya plastiki, ndefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Sefania alikuwa fundi wa ndege za kunyunyizia dawa ya kwelea kwelea kule Moshi kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu mikono yake ilikataa kustaafu. Tangu biashara ilipoachiwa huru, gulio la Soni lilikuwa likipokea kila kitu kilichochokwa Ulaya, na humo ndani ya mitumba ndimo alimoliona boksi la vipande vya kuunganisha.

Mwajuma alikiinua kifuniko cha boksi. Picha yake ilikuwa ya helikopta ya vita, fupi, imebeba makombora kila upande.

"Hii siyo ile," alisema.

"Siyo, aliigeuza." Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, maiti ilipokutwa, uso wa mzee ulichangamka kidogo. "Alisema ya vita ni fupi, ya kubebea wagonjwa ni ndefu, maana machela lazima iingie. Akaikata kwa msumeno hapa nyuma ya mlango wa ndege, akaongeza kipande cha rula. Makombora akayatupa kwenye kopo lile. Vioo vya pembeni ni filamu ya eksirei, aliiosha mpaka mifupa ya watu ikatoka. Miguu ni spoku za baiskeli."

"Na machela?"

"Vijiti vya kiberiti na bandeji. Bandeji alipewa na..." Hakutaka kulitaja jina la Tatu ndani ya nyumba ile.

"Alikuwa anamtengenezea nani?"

"Watoto wa wodini. Alisema mtoto akilala pale aione ndege iliyokuja kumchukua, siyo iliyokuja kumpiga." Mzee alijipangusa macho. "Mimi nilikuwa namshikia vipande jioni. Jumatano nilikuwa naye hapa mpaka saa mbili usiku. Nilimwacha mzima, afande. Yule mwanamke alikwisha kumletea uyoga wake. Mimi mwenyewe nilimsikia akimpigia kelele, 'Utakufia humu humu na hiyo helikopta yako!' Alikuwa na hasira. Walitaka kuoana, sisi ndugu tukakataa kwa sababu ya dini. Hasira yake akaimalizia kwa ndugu yangu."

Mwajuma alikwisha kuyaandika hayo Alhamisi. Akainamia meza. Helikopta ilikuwa na mapanga mawili ya pangaboi. Lililoelekea dirishani lilinyooka kama rula. Lililotokeza nje ya ukingo wa kushoto wa meza lilikuwa limeinama kuelekea sakafuni, limelegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

"Alilitengeneza hivi?"

Elisante alisogea, akaona, akashika mdomo. "Hapana! Jumatano alilipima kwa uzi mbele yangu. Lilikuwa limenyooka. Nani kaliharibu?" Sauti ikampanda. "Ni yeye! Aliichukia hii ndege. Kamuua, kisha kaja kumharibia na kazi yake!"

Mwajuma alimshukuru kwa chai, akamwomba ampe nafasi. Alipobaki peke yake alilichukua daftari lililokuwa rafuni. Marehemu aliandika kila hatua na saa yake, kama anaandikia ndege ya kweli.

*Jumapili. Nyeupe, mkono wa kwanza.*
*Jumanne mchana. Bado inanata. Baridi.*
*Jumatano, saa 12.40 jioni. Nyeupe, mkono wa pili. Isiguswe mpaka Ijumaa.*
*Nyekundu: bado. Isifunguliwe mpaka nyeupe ikauke.*

Alisoma mara mbili. Rangi ya kwanza ilikuwa ikinata siku mbili baadaye. Lakini Alhamisi, saa tatu asubuhi, yeye Mwajuma aliinyanyua helikopta ile kwa mkono mtupu ili atazame chini yake, na hakuna kilichonata vidoleni. Rangi ya pili ilikauka usiku mmoja. Alipitisha kidole ubavuni mwa helikopta. Upande wa kulia ulikuwa laini. Upande wa kushoto ulikuwa na vipele vidogo vidogo, kama ngozi iliyobabuliwa.

Plastiki ililegea na rangi ikatoka vipele, vyote upande mmoja. Pale palikuwa na moto. Lakini orodha ya vitu vya chumbani aliiandika mwenyewe, na haikuwa na moto wowote. Hapakuwa hata na taa ya chemli. Marehemu alitumia umeme.

Akalichukua kopo la rangi nyekundu. Kifuniko kilikuwa bado kimezibwa kwa utepe wa kiwandani. Halikuwahi kufunguliwa. Aliligeuza mkononi, na ndipo sentensi moja ya ripoti ya daktari ilipomrudia: *Kucha, midomo na viganja vina wekundu, inaelekea ni rangi ya kazi yake.*

*

Kituoni Lushoto alipitia mahabusu kwanza. Tatu alikuwa amekaa kwenye kona, amevaa sweta la kiume. Konstebo wa zamu alimwazima usiku wa kwanza, na yeye akaomba sindano, akamshonea kiwiko kilichokuwa kimetoboka. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo, si konstebo wala Tatu.

"Bi Tatu, uliigusa helikopta?"

"Niiguse ili anitoe roho?" Tatu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, muuza uyoga na mboga ya mshunga pale njia panda. Sauti ilimkauka lakini ulimi ulikuwa mzima. "Hata nikifagia alinisimamia kama askari."

"Lakini ulisema atakufia mle."

"Nilisema. Mtu hali..." Alikohoa, akaanza upya. "Mtu hali chakula kwa ajili ya plastiki, mwanangu, wewe ungemwimbia? Nilimkaripia mpaka akaweka brashi chini. Tukala. Sahani moja, mimi na yeye, ule uyoga. Nimesema hivyo tangu Alhamisi, na nyinyi mmeandika 'anadai'."

Ni kweli, waliandika hivyo.

"Ulipoondoka chumba kilikuwaje?"

"Baridi ya kukata masikio."

"Hapakuwa na moto?"

"Moto wa wapi?"

"Na asubuhi, ulipomletea uji?"

"Mlango ulikuwa wazi. Nikashangaa, maana yeye ni mtu wa kujifungia. Nikasema leo kaamka mapema. Nikamwona mezani, kichwa juu ya mikono. Nikamwita. Nikamgusa shingo." Akaivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Basi."

"Mlango ulikuwa wazi, Bi Tatu? Hilo hukulisema."

"Mliniuliza uyoga. Nikajibu uyoga."

*

Daktari Yassir alikuwa anataka kutoka kwenda kula. Mwajuma aliliweka kopo jekundu mezani kwake bila maneno mengi.

"Daktari, uliandika kuhusu wekundu."

"Rangi. Alikuwa anapaka rangi, si ndiyo?"

"Alikuwa anapaka nyeupe. Nyekundu ndiyo hii. Tazama utepe."

Daktari alilitazama kopo. Alikaa taratibu kwenye kiti alichokuwa amekwisha kukiacha.

"Sajini, kulikuwa na jiko la mkaa mle ndani?"

"Hapakuwa na jiko. Lakini kuna plastiki imelegea kwa joto."

"Subiri."

Alitoka, akarudi na kichupa kutoka kwenye friji. Ilikuwa damu aliyomtoa marehemu siku ya Alhamisi, ikisubiri kupelekwa kwa mkemia Dar es Salaam pamoja na mabaki ya uyoga. Akatia maji kwenye sahani mbili nyeupe. Akajichoma kidole, akadondosha tone lake kwenye moja. Kwenye ya pili akadondosha damu ya Sefania. Kisha akaongeza magadi makali kwenye zote mbili.

Tone la daktari liligeuka papo hapo, likawa kahawia chafu. La Sefania lilibaki jekundu. Walisubiri. Likazidi kubaki jekundu, linang'aa kama ua.

"Ni hewa ya mkaa," Yassir alisema. "Haina harufu, mtu anasinzia tu, na damu yake haipotezi wekundu. Niliiona kwa macho yangu mawili, Sajini, nikaiita rangi. Kwa sababu kila mtu alishaniambia ni uyoga."

"Unaweza kuiandika?"

"Naiandika sasa hivi. Chakula baadaye. Wewe nenda kalitafute hilo jiko."

Kwenye gari la kupanda Magamba Mwajuma alipanga mambo yake. Mtu aliliingiza jiko baada ya Tatu kuondoka. Mtu akalitoa kabla Tatu hajarudi, na akaacha mlango wazi. Anayelitoa jiko kimyakimya penye maiti ana jambo la kuficha. Alikuwa akitafuta muuaji, na alikuwa na hakika yuko karibu.

*

Josephina, mke wa Elisante, yule wa chai, alikuwa jikoni anachambua mchicha. Alimwona Mwajuma mlangoni, akainuka na maungo yanamlia, akamwekea mkeka.

"Karibu, mwanangu. Kile kikombe ulikimaliza?"

"Nilikimaliza, mama. Asante sana. Mama, Alhamisi asubuhi ulimwona mtu yeyote akiingia kwa shemeji yako kabla ya Tatu?"

"Mimi niliingia."

Alisema hivyo na mchicha ukiendelea kukatika vidoleni.

"Wewe?"

"Saa kumi na mbili hivi. Nilikwenda kuchukua jiko langu."

Mwajuma alikuwa ameshika kalamu. Kalamu haikuandika.

"Jiko lako lilikuwa kule?"

"Si mzee alilipeleka jioni ile. Shemeji vidole vilikuwa haviwezi hata kushika brashi. Mimi asubuhi nataka chai, jiko ninalo hilo hilo moja. Nikaenda. Nikamkuta kalala mezani, maskini, nikasema huyu kakesha. Nikalichukua polepole nisimwamshe. Mlango nikauacha wazi apate mwanga." Akainua macho. "Nilipokuwa napuliza mkaa ndipo nikasikia Tatu analia. Kwani jiko lina nini?"

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza?" Hakusema kwa ubaya. "Mlikuja, mkakaa na mzee pale nje, akaandikisha. Nilipoleta chai ulisema maelezo ya nyumba hii yametosha."

Alisema kweli. Mwajuma aliyaona maneno yenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, chini ya maelezo ya Elisante: *Maelezo ya kaya yamechukuliwa.* Akaandika hivyo yeye, ambaye alfajiri ile ile alilitoa jiko nyumbani kwake, akalikung'uta majivu, akawasha, na kama mtu angemuuliza amefanya nini tangu aamke, angejibu hajafanya kitu. Alijiona ameketi pale kwenye mkeka, mpelelezi mwenye miaka kumi na minne kazini, amerekebishwa na mama anayechambua mchicha.

Kivuli kiliingia mlangoni. Elisante alikuwa amebeba kuni. Hakuziweka chini.

"Jiko lina nini?" naye aliuliza.

Hakukuwa na namna ya kulisema kwa upole. Mwajuma alijaribu hata hivyo. Alianzia kwenye rangi nyeupe, akafika kwenye pangaboi, kwenye sahani mbili za daktari. Alipofika kwenye hewa ya mkaa na chumba kilichozibwa nyufa, kuni zilianza kuanguka moja moja kutoka mikononi mwa mzee, na hakuna aliyeziokota.

"Nililijaza mimi," Elisante alisema. "Nililijaza mpaka juu ili limfikishe asubuhi. Nikaliweka chini ya meza upande wa kushoto, lisimwunguze miguu. Nikamwambia, weka gunia vizuri mlangoni nikitoka, joto lisikimbie." Alimtazama Mwajuma kama mtoto anayesubiri kuambiwa si kweli. "Alifurahi, binti yangu. Alisema, 'Kaka, sasa itakauka.'"

Josephina alitoa mlio mdogo, akajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Mzee," Mwajuma alisema, "hukukusudia, na hakuna atakayekushitaki. Lakini karatasi ya daktari peke yake haitoshi. Inspekta atauliza jiko lilitoka wapi, lilikwenda wapi. Bila maelezo yenu wawili, Jumatatu Tatu anakwenda Tanga."

"Mwanangu," Josephina alimshika mkono, "huwezi kuandika kwamba shemeji alikuja kulichukua mwenyewe? Yeye amekwisha kufa, haimuumi tena. Huyu ataishije? Watu wa hapa wataanza kumwita..."

"Mama Witness, nyamaza." Elisante alikaa chini juu ya kuni zake. "Yule mama amelala kwenye sakafu ya saruji siku tatu kwa mdomo wangu. Andika, afande. Andika jina langu lote. Elisante Shemweta."

Mwajuma aliandika. Safari hii alichukua maelezo mawili, na ya kwanza yalikuwa ya Josephina.

*

Inspekta Kaniki alisoma karatasi zote tatu amesimama. Alipomaliza alivua kofia, akajikuna kichwa, akasema, "Jiko!" Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, "Jiko. Mtoeni yule mama."

Elisante alikataa kungoja nje. Alisimama mbele ya kaunta, koti amelifunga vifungo vyote kama siku ya ibada. Tatu alipotolewa na kumwona pale, alirudi nyuma hatua moja, akamgonga konstebo. Kwa miaka sita mama yule alikuwa akimwamkia mzee yule kila wanapokutana njiani, na kwa miaka sita mzee alipita bila kuitikia.

"Shikamoo, Tatu," Elisante alisema.

Konstebo aliyekuwa akipiga muhuri aliuacha mkono juu. Mzee wa miaka sabini na miwili, mwenye wajukuu wakubwa, akimwamkia mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mbele ya askari!

"Mzee wangu!" Tatu alishtuka kama aliyepigwa. "Usinifanyie hivyo. Utanitia laana. Kuna nini?"

"Hukumuua wewe. Ni jiko. Nilimpelekea jiko baada ya wewe kuondoka, na moshi wake usioonekana ndio uliomchukua. Mimi ndiye. Na mimi ndiye niliyewaambia ni wewe."

Tatu alimtazama muda mrefu. Mwajuma alisogea karibu ili amdake akianguka, lakini hakuanguka. Aliishika kaunta kwa mikono miwili.

"Alikuwa anaona baridi?" aliuliza.

"Vidole vilikuwa vinatetemeka."

"Na mimi niliona." Tatu alizungumza polepole, kama anayehesabu hatua gizani. "Nilipotoka niliona. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kutafuta mkaa nimletee. Pipa lilikuwa tupu."

Aliitazama kaunta, kisha mikono yake juu yake. "Ungekuwepo, ningempelekea mimi."